Seti ya bomba za joto ndani ya zege: nimeipima Mtwara wiki tatu nzima

Wakuu habari zenu. Mi ni fundi friji hapa Mtwara mjini, kazi zangu nyingi ni mafriza ya samaki na mashine za barafu kule feri na upande wa Mikindani. Leo nataka niwape majibu ya hii seti ya bomba za kulaza ndani ya zege, zinazozungusha maji ya kubeba joto kulitoa au kulipeleka ardhini, maana wakati naitafuta sikumpata mtu hata mmoja aliyeandika kwa Kiswahili kwamba nimeifunga na imefanya hivi na hivi, nilibaki napapasa tu mpaka hela ikatoka.

Seti yenyewe ina bomba la PEX (plastiki inayovumilia maji ya moto) la milimita 20 limeviringishwa, mita 100, pampu ndogo ya kuzungusha maji yenye spidi tatu, geji ya presha, mita ya kupima maji yanayopita, vipimajoto viwili vya dijitali vyenye waya mrefu, na mfuko wa jointi. Yote laki sita na themanini pamoja na usafiri wa basi kutoka Dar. Duka silitaji, sitaki ugomvi na mtu, nazungumzia kitu nilichokishika kwa mikono yangu.

Kwanini nilinunua. Shemeji yangu anauza samaki, friza lake liko kwenye kibanda cha bati, na kuanzia Oktoba kaskazi ikikaribia hiko kibanda ni tanuri, nimepima nyuma ya friza saa nane mchana nikakuta nyuzi 38. Kompresa (mota inayosukuma gesi ya friza) inachemka, kinga yake inakata, inapoa, inawaka, inakata tena, na samaki wa juu wanaanza kulegea. Kila nikipita ananiambia "shemeji, hili friza lako linanitia hasara" na mimi ndo nililomfungia, kwaiyo lilikuwa linaniuma kweli. Feni nimeweka, kivuli nimeweka, bado.

Sasa kuna siku nikawa nasoma habari za wenzetu Ulaya wanavyofanya kwenye mahandaki ya treni nikaona hapa kuna kitu. Wakijenga handaki, ndani ya lile zege la ukuta wanalaza bomba za plastiki, maji yanazunguka humo yanabeba joto la ardhi hadi kwenye mashine inayolipandisha kiwango (ni friji ileile tunayoijua sisi ila imegeuzwa kazi) na jengo la juu linapata joto wakati wa baridi. Jenbach kule Austria kuna handaki la reli, walitumia kipande cha mita 54 tu, ringi 27 (pete za zege zinazounda ukuta), bomba zimefungwa kwenye nondo za vipande vya zege kabla ya kumwaga, na mfumo ulisanifiwa kutoa kilowati 40 kupasha joto majengo ya karakana ya halmashauri ya mji. Mita 54 jamani! Stuttgart Ujerumani walijaribu kwenye vipande viwili vya mita kumi kumi, wao bomba wakazilaza kati ya zege la kwanza na zege la mwisho. Na Torino Italia, chuo chao cha ufundi kilifunga bomba kwenye ringi mbili za handaki la metro (treni ya mjini ya chini ya ardhi) laini ya 1 wakapima miaka ya 2017 na 2018, wakapata kama wati 50 kwa kila mita moja ya mraba ya ukuta wakivuta joto, na zaidi ya 60 wakilisukuma joto liingie ardhini. Hiyo ya kusukuma ndo ilinikamata, maana sisi huku nani anataka kupashwa joto? Sisi tunataka pa kulitupa.

Na kitu kizuri kwa wale ni kwamba handaki lenyewe linajengwa hata hivyo. Shimo limeshachimbwa, zege litamwagwa tu, bomba ni nyongeza ndogo juu ya gharama kubwa iliyoshalipwa na reli. Likumbukeni hili, nitalirudia chini.

Mtwara handaki hatuna, kwaiyo nikatengeneza la kwangu. Nilienda kwa jamaa wanaofyatua matofali na ringi za kisima, nikaagiza ringi nne za upana wa mita moja kwa ndani, urefu mita moja moja, unene sentimita kumi, nikawaambia bomba nazifunga mwenyewe kwenye nondo kwa baindingi waya kabla hawajamwaga. Mzee wa pale akaniangalia sana. "Mwanangu, ringi ya kisima unaitia bomba ndani ya ukuta, maji yatoke wapi yaende wapi?" Nikamweleza mzee wangu maji hayatoki, yanazunguka tu yanabeba joto, akanyamaza kidogo akasema "kama radieta ya gari." Hasa! Sijawahi kupata maelezo mafupi kuliko hayo na tangu siku hiyo nikimweleza mteja naanzia hapo.

Kazi ilichelewa wiki mbili na nusu, ulikuwa msimu wa korosho umeshaanza, vibarua wote wako mashambani kuokota, huwezi kumlaumu mtu. Kosa lao lilikuwa lingine. Niliwaambia bomba lazima lijazwe maji na liwe na presha wakati zege linamwagwa, na geji ibaki imefungwa tunaiangalia, maana likitoboka ndani ya zege limekufa, huwezi kulifikia tena. Ringi ya kwanza wakamwaga mimi sijafika, bomba halina presha, na kijana kwenye kushindilia alilipiga na ncha ya nondo. Nilipokuja kulijaza jioni sindano ya geji ikawa inashuka polepole mbele ya macho yangu. Ringi nzima ikaenda kuwa ringi ya kisima ya kawaida, na bomba mita 17 zimo humo mpaka kiama. Nne zilizofuata nilisimama hapohapo na sindano haikutikisika. Kwaiyo wewe utakayefanya, usimwache mtu amwage zege bila wewe kuwepo, hata kama ni mtu unayemwamini.

Bomba lenyewe nalisifia bila kusita. Nimelikunja kwa nafasi ya sentimita 20 kati ya mstari na mstari, halikuvunjika halikujikunja vibaya, limekaa kwenye zege la moto la jua la hapa na halikupinda. Mita 100 zilitosha kwa tabu kutokana na ile hasara, ringi nne zilikula kama mita 70. Jointi za plastiki za kwenye mfuko ni mbovu, mbili kati ya nane zilitoa machozi siku ya kwanza, nikazitupa zote nikanunua za shaba hapa mjini. Na jointi zote ziwe nje ya zege, mahali unapofika na spana.

Tukachimba nyuma ya kibanda mita mbili na nusu kwenda chini, mchanga mtupu mkavu, tukalaza ringi kama handaki la mita nne, kila mwisho nikajenga shimo la kushukia lenye mfuniko, tukafukia. Kipimajoto changu kingine nikakizika kwenye mchanga sentimita kumi kutoka ukutani. Kabla ya kuwasha chochote kilisoma nyuzi 27.4.

Hapa ndo pana tofauti kubwa ambayo karatasi ya kwenye boksi haisemi kabisa. Ardhi ya chini kidogo inakaa karibu na wastani wa joto la mahali la mwaka mzima. Torino maji ya chini ya ardhi yako kama nyuzi 14 na tena yanatembea, yanabeba joto na kuondoka nalo. Sisi tuko 27 na mchanga umekauka, na mchanga mkavu haupitishi joto kama uliolowa. Karatasi imeandika "huvuta joto la bure kutoka ardhini" na picha ya nyumba yenye theluji, mtu wa Lindi au Mtwara akiinunua kwa kusoma hiyo karatasi atakuwa amenunua kitu cha watu wengine.

Sasa vipimajoto. Kabla ya kupima nikavitia vyote viwili kwenye kikombe kimoja cha maji, kimoja 28.4 kingine 29.0. Unaweza kusema nyuzi 0.6 ni nini, lakini fikiria hesabu inavyokwenda: unapima maji yakiingia na yakitoka, unachukua tofauti. Lita moja kwa dakika ikipoa nyuzi moja imetoa wati 70, kwaiyo lita 3 kwa dakika kila nyuzi ni wati 210. Kama tofauti yako ya kweli ni nyuzi 1.3 na vipimajoto vinadanganya 0.6, majibu yako yamekosea karibu nusu! Na hapo ndo muuzaji anakuonyesha namba kubwa na wala hajui kwamba anasoma kosa la kifaa chake. Dawa yake mi nilikuwa nayo nyumbani, barafu. Ponda barafu, tia maji kidogo, koroga, subiri, hiyo ni nyuzi 0 popote duniani. Kimoja kilisoma 0.1 kingine 0.7, nikaandika kwenye mkanda wa karatasi nikabandika juu ya kila kimoja, na kila nikisoma natoa. Kwa bei ile seti ingepaswa kuja na vipimajoto vilivyolinganishwa, hili ndo lalamiko langu kubwa kwenye boksi lote.

Wiki ya kwanza sikuunganisha friza. Niliweka pipa la lita 200 lenye hita na thamostati, maji yanaingia ardhini kwa nyuzi 36 muda wote, pampu spidi ya chini, lita 3 kwa dakika, usiku na mchana siku saba. LUKU ilienda uniti zaidi ya hamsini, niliilipa mwenyewe.

Saa ya pili tofauti ilikuwa nyuzi 2.5. Hiyo ni wati 525, ukigawa kwa mita za mraba 14 za ukuta unapata kama 37 kwa kila mita. Nilifurahi sana, nikampigia shemeji nikamwambia tumepona. Na hii ndo namba ile ile inayofanana na ya kwenye karatasi ya boksi, wauzaji wameandika wazi kwamba walipima kwa saa moja. Kesho yake asubuhi 1.9. Siku ya tatu 1.6. Siku ya saba 1.3, yaani wati 270 tu, 19 kwa mita, nusu ya ilivyoanza, na mchanga wa pembeni umefika 31.5.

Hakuna kilichoharibika. Saa za mwanzo unapasha zege lenyewe na mchanga wa karibu, vyote vimepoa, vinapokea tu. Baadae joto linatakiwa lisafiri mbali na mchanga mkavu haulipitishi. Ulaya wao wanachukua wakati wa baridi na kurudisha wakati wa joto, ni kama kibubu unaweka na kutoa. Sisi tunaweka tu mwaka mzima, hakuna siku tunatoa, kwaiyo kinajaa. Ndo maana nasema kwa huku kwetu jaribio la saa moja au mbili halina thamani yoyote, anayekuuzia mwambie akuonyeshe siku ya saba, kama hana siku ya saba hana kitu cha kukuonyesha.

Wiki ya pili nilizima kila kitu nikaacha ipumzike, nataka kujua inarudi kwa kasi gani. Usiku nafungua mifuniko yote miwili hewa ipite ndani ya ringi, alfajiri nafunga. Hii nafasi ndo handaki linalo na bomba la kufukiwa kwenye mtaro halina, ukuta una pande mbili, mmoja wa ardhi mmoja wa hewa. Siku ya saba mchanga ulisoma 28.0. Haujafika ulipoanzia lakini umekaribia.

Wiki ya tatu nikaunganisha friza la shemeji lenyewe. Niliongeza koili ya kopa inayopita ndani ya pipa kabla ya kondensa ya zamani (zile bomba za friza zinazotoa joto nje), nikavuta vakyumu (kunyonya hewa yote ya ndani) nikajaza gesi upya, kazi ya siku moja. Sasa swali likawa pampu iende saa ngapi, na hapa nilikaa chini na karatasi usiku mzima. Kibati cha pampu kinasema wati 46 kwa spidi ya chini. Ikienda saa 24 ni uniti 1.1 kwa siku. Friza lenyewe linakula kama uniti 2.6 kwa siku. Hata ningeokoa uniti 0.3 kwenye friza, pampu imeshanila mara tatu yake. Nawaambia ukweli kwa sababu najua wapo watakaonunua wakidhani bili itashuka: kwa friza moja, bili haishuki.

Nilichofanya ni kuiweka pampu kwenye taima, iwake saa 5 asubuhi izime saa 10 jioni, yale masaa ya tanuri tu. Masaa matano, uniti kama 0.23, na masaa 19 yaliyobaki ardhi inapumzika na usiku mifuniko wazi. Hapo mambo yakabadilika. Kila siku unaanza na zege lililopoa, unatumia zile saa zake nzuri za mwanzo, unaacha kabla halijachoka. Siku ya saba ya hiyo wiki mchana tofauti ilikuwa bado 1.9, wati 400 hivi, maji ya pipa yamesimama kati ya 34 na 35 wakati nyuma ya friza hewa ni 38. Na kompresa haikukata hata mara moja wiki nzima. Hata mara moja! Zamani ilikuwa inakata mara tano sita kwa mchana. Uniti kwa siku zilibaki 2.6 zilezile ukijumlisha na pampu, ila samaki wameganda kama mawe hadi juu, na shemeji alifungua friza saa tisa mchana akanigeukia akasema "asante fundi," hakuniita shemeji, aliniita fundi.

Kwaiyo majibu yangu. Bomba la PEX, zuri, nanunua tena. Pampu haina kelele na ina nguvu ya kutosha mita 100, lakini ni kubwa kwa friza moja, wangeweka ndogo zaidi. Mita ya maji sawa. Geji sawa. Jointi na vipimajoto havifai. Karatasi ya maelezo ni ya nchi za baridi na ile namba ya saa moja inapotosha, niliwaandikia wauzaji nikawatumia namba zangu za siku saba zote, walinijibu vizuri na wakanitumia vipimajoto vingine kwa basi bila kunidai, hivi vipya vinapishana 0.1 tu kwenye barafu. Hapo nawapa haki yao.

Wa kununua ni nani? Mwenye friza moja na chumba chenye kivuli, hapana, tengeneza kwanza kivuli na safisha kondensa, hiyo ni bure. Kuchimba kwangu, ringi, vibarua, kuliniongezea zaidi ya laki tisa juu ya seti, kama ningekuwa nachimba kwa ajili ya friza peke yake nisingepata hela yangu mpaka nazeeka. Ila kama unajenga chumba cha baridi cha samaki, na unachimba karo au tenki la maji au msingi mkubwa na zege utalimwaga tu, basi funga bomba kwenye nondo kabla ya kumwaga, hapo unalipia bomba na baindingi waya basi. Pampu moja itahudumia ukuta mkubwa badala ya ringi nne, na wati 46 zake hazitauma. Kama shimo lako linafika kwenye maji, kama visima vingi vya huku karibu na bahari, ndo bora zaidi maana ardhi iliyolowa inalibeba joto.

Na kuna watu wakubwa zaidi yangu wanaopanga mambo makubwa zaidi. Reli ya kwenda Mbamba Bay ikijengwa, kama kuna mahali itapita chini ya mlima, ule ukuta wa zege utamwagwa mara moja tu. Hata SGR kule Kilosa ina mahandaki tayari na hayo zege lake limeshamwagwa, huwezi kuyarudia. Wahandisi wetu wanaosoma haya naomba wapime ardhi yetu wenyewe, wiki nzima nzima, kiangazi na masika, wasichukue 50 na 60 za Torino wakazibandika Tanzania, mimi kwa ringi nne za kisima nimepata 19 kwenye mchanga mkavu nikiiendesha mfululizo na kama 28 nikiipumzisha.

Mwenye swali la koili au gesi aulize tu. Vipimo vyote vya siku 21 nimeandika kwenye daftari, asubuhi, mchana na usiku, isipokuwa siku ya kumi na mbili ambapo umeme ulikatika tangu saa moja jioni mpaka alfajiri nikashindwa kusoma.